Pingamizi la Kutengenezewa Bomba

Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri,
kupitia dirisha la mapokezi.

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KIPENGELE CHA 42 CHA RASIMU YA BAJETI

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi, na poleni na kazi ya kupanga bajeti. Najua si kazi ndogo. Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja, nikipokea barua kama hii, nikizigonga mhuri na kuzifungia kabatini, na ninafahamu kwamba barua ikizidi kurasa tatu huishia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Jumatatu iliyopita mlibandika rasimu ya bajeti kwenye ubao wa matangazo, mkatupa wananchi siku kumi na nne za kutoa maoni. Nilikwenda kuisoma kama ilivyo kawaida yangu, na miwani yangu na kalamu yangu. Nilipofika ukurasa wa tisa nusura miwani inidondoke. Kipengele cha 42 kinasema: "Kutengeneza bomba lililopasuka, mtaa wa nyuma ya stoo ya mbao."

Huo ni mtaa wetu, Ndugu Mkurugenzi. Na hilo ni bomba letu. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kufuatilia Bomba, na kwa mkono huu huu nimewaandikia barua kumi na tisa kuomba litengenezwe. Hii ni ya ishirini, na ninaomba lisitengenezwe.

Najua utasema huyu mzee kachanganyikiwa. Hata mkwe wangu alipopita na kuona ninachoandika aliniuliza, Baba, si ndilo mlilokuwa mkililia miaka yote hii? Nikamjibu kwamba kulilia kitu ni jambo moja, na kuletewa ni jambo jingine kabisa. Akaguna, akaenda zake jikoni. Basi nitaeleza hoja zangu kwa mpangilio, ili nawe usigune.

1. Tulikwisha kuzoeana. Mwaka wa kwanza tuliomba bomba, mkatuletea kibao kilichoandikwa "Maji Ni Uhai, Yatunze", mkakichomeka palepale maji yanapotokea. Mwaka wa tatu tukaomba tena, mkapaka rangi choo cha soko. Hatukukataa, rangi ni nzuri. Mwaka wa nne alikuja ofisa wenu mmoja na kamera, akalipiga picha bomba, kisha akatupanga nyuma yake na kututaka tutabasamu. Tulitabasamu. Hivyo ndivyo tulivyojenga uhusiano: sisi tunaomba, nyinyi hamfanyi, na kila upande unajua zamu yake. Leo, ghafla, bila hata kutudokeza, mnataka kufanya. Hivi ndivyo watu waliokaa pamoja miaka sita wanavyotendeana?

2. Maisha ya watu. Pale bomba lilipopasukia sasa kuna muosha magari mwenye ndoo nne na wateja wa kudumu. Pembeni yake kuna mama anayeuza miche, na ninyi wenyewe mlinunua kwake ile mliyopanda mbele ya ofisi yenu, ikakauka kwa kukosa maji. Kuna pia bata kumi na mmoja. Mwenye bata amenihakikishia kwamba hawa wamezaliwa kwenye dimbwi, hawajui beseni, na hayuko tayari kuwaeleza yeye. Amesema aje Mkurugenzi awaambie.

3. Adabu. Zamani watu wa mtaa huu walipishana kama hawaonani. Tangu maji yakate njia, tunavuka kwa ubao mmoja, na ubao hauwezi watu wawili. Ni lazima mmoja asimame amngoje mwenzake, na ukishamngoja mtu huwezi kumnyamazia. Kuna majirani wawili hapa walionuniana miaka kumi kwa sababu ya ukuta. Siku moja walikutana katikati ya ubao. Mtaa mzima tulitoka kutazama. Walisimama weee, hata mkate wa mmoja ukapoa mkononi, mwisho yule mdogo akarudi kinyumenyume na kusema, Haya, pita kaka. Siku hizi wanaazimana ngazi. Naomba unioneshe kipengele kingine chochote katika rasimu yenu kilichowahi kufanya hivyo.

4. Heshima ya Fundi. Kamati yetu ina mjumbe ambaye ni fundi bomba. Mwaka wa pili alikuja kikaoni na spana mkononi, akasema kazi yenyewe ni ya saa moja: kiungo kimelegea, kinataka mpira mpya na kukazwa. Loo! Zilipigwa kelele siku hiyo! Tulijadili kwa saa tatu, tukaazimia kwa kura zote isipokuwa yake kwamba bomba ni mali ya umma, na mwananchi hagusi mali ya umma bila kibali. Niliandika kuomba kibali. Hamkujibu. Tangu hapo Fundi huja kikaoni, hukaa mwisho wa benchi, spana iko ndani ya mfuko, na hasemi neno. Sasa akija fundi wenu akalikaza kwa saa moja mbele ya macho yetu, tutamtazama vipi mwenzetu usoni? Mtakuwa mmetuumbua, Ndugu Mkurugenzi, na tulikuwa tunafuata sheria zenu.

5. Kamati yenyewe. Katiba yetu, ambayo niliiandika mimi, inasema kwamba kamati itavunjika siku ile bomba litakapoacha kuvuja. Niliandika hivyo kwa kiherehere. Nilidhani itakuwa kazi ya wiki mbili.

Kamati hukutana kila Alhamisi saa kumi jioni katika chumba cha Mwenyekiti wetu, ambaye ni fundi cherehani na ndiye pekee mwenye chumba chenye benchi. Naomba ieleweke kwamba sina maslahi binafsi katika jambo hili. Nataja mazingira ya kikao ili kumbukumbu zikamilike. Kuna cherehani dirishani. Kuna magauni ya watu yametundikwa kwenye kamba, kila moja na karatasi ya vipimo kifuani, na huruhusiwi kusoma vipimo vya mtu. Kuna stuli upande wa kushoto, ambayo Mwenyekiti huipangusa pini kabla ya Katibu kukalia, ingawa wajumbe wengine hukaa wanapokuta na wakichomwa ni shauri lao. Mwaka jana, katika agenda ya mengineyo, Mwenyekiti aliona kifungo cha shati langu kinaning'inia, akakishona nikiwa nimelivaa, huku akiendelea kuongoza kikao. Nimeangalia muhtasari wa siku hiyo. Sikuandika chochote baada ya hapo.

Wajumbe wengine wamelegea siku hizi. Muosha magari ana wateja, mama wa miche ana mguu mbovu, Fundi huja akikumbuka. Mara nyingi tunakuwa wawili tu, mimi na Mwenyekiti. Kwa kuwa tumekubaliana kwamba akidi imetimia, huwa imetimia. Suala la bomba hutuchukua dakika tano. Baada ya hapo hunieleza habari za wateja wake, nani kanenepa na anabisha, nani kaleta kitambaa cha shuka akitaka suti. Na mimi humweleza habari za masjala, ambazo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniomba nizisimulie. Yeye huuliza maswali. Aliwahi kuniuliza jalada jekundu lilikuwa la nini.

Mimi ni mgane, huu ni mwaka wa nane. Yeye ni mjane wa siku nyingi kuliko mimi. Nakaa na mwanangu na mkewe, wananitunza vizuri, siwalaumu kwa lolote, lakini kuna nyumba imejaa watu na bado unasikia saa ya ukutani. Jumatano jioni napiga pasi shati. Alhamisi nafika saa tisa ili kuandaa kumbukumbu, na hizo kumbukumbu zenyewe ni ukurasa mmoja. Haya nayatoa kama takwimu tu.

Sasa nakuuliza, na naomba ulijibu hili hata kama hutajibu mengine: bomba likikazwa, mimi Alhamisi nitakwenda wapi? Siwezi kubisha hodi kwa mwanamke, mtu na heshima zake, nikasema nimekuja tu. Akiniuliza nimefuata nini, nitasema nini? Nimezoea kwenda mahali na karatasi mkononi. Bila karatasi siendi hata msibani. Ninaogopa, Ndugu Mkurugenzi. Neno hilo nimelifuta mara mbili, na karatasi imeanza kutoboka, kwa hiyo nimeliacha.

6. Kutokana na hayo yote, kamati inaomba kwa unyenyekevu:

(a) Kipengele cha 42 kifutwe, na mahali pake paandikwe "Kutunza bomba lililopasuka".

(b) Tupewe ubao mpya. Huu wa sasa umeoza upande wa kulia, na wazee tunavuka kwa dua.

(c) Mitaa mingine isiyo na bomba lililopasuka ifikiriwe. Si haki neema ikae kwetu peke yetu, na kuna wagane kila mahali.

(d) Ikiwa sheria inawalazimisha kabisa kutengeneza, basi tunaomba apewe kazi hiyo yule yule aliyetengeneza geti la soko. Tuna imani naye. Geti lile lilidumu siku tisa, na sisi siku tisa tunaweza kuvumilia.

Ni matumaini yangu kwamba maoni haya yatapokelewa kwa moyo uleule uliouonesha kwa barua zangu kumi na tisa, yaani yawekwe mahali na yasifanyiwe kazi, ila safari hii kwa kutofanyia kazi bomba. Nisalimie madiwani wote, walioamka na waliolala, mhasibu, dereva wako, na yule dada wa dirishani ambaye amenipokelea barua miaka yote hii na kuniuliza hali kila mara. Mwambie mguu wangu haujambo.

Wako katika ujenzi wa mtaa,

Katibu, Kamati ya Kufuatilia Bomba
(karani wa masjala mstaafu)

Baada ya kutia saini:

Barua ya kamati inatakiwa iwe na saini mbili, kwa hiyo leo asubuhi nilimpelekea Mwenyekiti atie yake. Sikukusudia aisome. Nilimfungulia ukurasa wa mwisho, pale pa saini, nikamwekea na kalamu. Lakini yule ni fundi cherehani, hapokei nguo bila kuigeuza nje ndani. Alivaa miwani akaanzia mwanzo. Kwenye bata alicheka. Alipofika namba 5 akaondoa mguu kwenye cherehani, akaisoma, akairudia, na mimi nimesimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi.

Kisha akaniambia kwamba aliyeliingiza bomba kwenye rasimu ni yeye. Amekuja kwenu mara nne, peke yake, kamati haina habari, akakaa kwenye benchi lenu na kitambaa chake akipiga pindo kwa mkono, mpaka mkaandika kipengele hicho ili aondoke. Nikamuuliza kwa nini asiniambie, na nakiri sikumuuliza kwa sauti ya kikao. Akasema amechoka kuongoza vikao vya watu wawili. Akasema miaka sita amengoja Katibu afungue mdomo juu ya jambo lisilo maji, akaona ayakate hayo maji, ajue moja: bomba likinyamaza, mtu huyu atakuja au hatakuja.

Nikamwambia nitakuja. Akasema, Basi kaa, unanizibia mwanga. Nikakaa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, namba 1 hadi 6 nazifuta zote, pamoja na vipengele vyake vidogo. Tengenezeni. Bata tutazungumza nao. Fundi tumempa kibali sisi wenyewe, muhtasari umeandikwa, na kama mafundi wenu hawatoshi yuko tayari hata sasa hivi, amekwisha kuitoa ile spana mfukoni. Kaka zake Mwenyekiti wanakuja kwake Jumamosi ya wiki ijayo kunisikiliza, na kaka yake mkubwa ana goti bovu, ubao hauwezi. Mkwe wangu ananipigia pasi suti ninavyoandika hapa, na anaimba. Naombeni sana mje kabla ya Jumamosi hiyo, jamani, mzee wa watu asije akasimama ng'ambo ya maji akageuza akarudi kwake na mimi niko upande huu namtazama.