Mashine Yangu, Jina la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mashine ya kutarizi imefika! Ina sindano sita na kioo kikubwa kuliko sahani ya wageni. Zabuni ya shule sasa ni yangu: sweta mia mbili, kila moja na nembo ya njiwa kifuani. Mwalimu mkuu anakuja Ijumaa kuona sampuli. Shemeji Msumari, kaka wa mke wangu, ana duka la ushonaji ng'ambo ya barabara. Yeye hutarizi kwa mkono. Njiwa mmoja, siku mbili. Maskini!

Nimechomeka umeme. Kioo kikaniuliza jina, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Nikabonyeza "Baadaye". Kikauliza tena. Nimeinunua, nimeibeba, umeme ni wangu, halafu inanihoji kama askari getini! Maelezo yanasema kazi zangu zote zitahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, huko mbali. Ili iweje? Mke wangu akasema, "Baba Watoto, andika jina lako uanze kazi." Siandiki. Cherehani ya marehemu mama haikuwahi kuniuliza nimezaliwa lini.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka na mpango. Kampuni inataka mtu wa kumchunguza? Imchunguze Msumari! Jina lake na namba yake viko kwenye kibao cha duka lake, tena kwa rangi nyekundu. Nimeviandika vyote. Umri nikamwongezea miaka ishirini.

Tatizo dogo: kampuni ikatuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu yake. Nikavuka barabara kumjulia hali. Nilimkuta amekunja uso mbele ya simu. Miwani yake ameikalia ikavunjika, akaniomba nimsomee. Nikamsomea kuwa ni tangazo la magodoro. Tarakimu nikaziweka kichwani. Akanishukuru, akaniita shemeji wa kweli.

Mashine ikawaka: "Karibu, Fundi Msumari!" Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Jumatano, 5 Machi
Njiwa watatu, safi kabisa!

Jioni nikasikia kelele nje. Msumari ana miwani mipya na anapita mlango kwa mlango akionyesha simu. Ujumbe unasema: "Hongera! Leo umetarizi njiwa watatu." Amemwambia kinyozi kuwa sifa zake zimevuka mpaka, sasa anahesabiwa hata kazi ambazo hajazifanya. Kinyozi amempa mkono. Mke wangu ameniuliza kwa nini natokwa jasho. Nimesema ni joto la mashine.

Alhamisi, 6 Machi
Msumari amebonyeza kitu katika ule ujumbe. Mashine yangu yote imejitokeza kwenye simu yake, na vitufe vyake. Anadhani ni mchezo.

Mashine imesimama mara nne bila mimi kuigusa. Nilichungulia dirishani. Msumari akiinua kidole, inasimama. Akikishusha, inakwenda. Nikafunga pazia. Halikusaidia. Nikampelekea suruali yenye zipu mbovu, nikasema ni ya haraka mno, apate shughuli. Aliimaliza kwa dakika tano, akarudi mchezoni.

Kumweleza ukweli? Aibu! Mke wangu angejua kabla chai haijapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu aliketi dukani kwangu saa tatu kamili, mkoba magotini. Nilitandika sweta, nikawasha. Njiwa alianza vizuri. Kisha akaanza kunenepa. Ng'ambo ya barabara, Msumari alikuwa akitanua vidole viwili juu ya simu. Tumbo la njiwa likafika kwapani. Mdomo ukapanda begani. Mwalimu mkuu akauliza kama huyo ni bata. Nikamwambia ni njiwa aliyeshiba elimu. Hakucheka.

Akavuka barabara. Msumari akamwonyesha simu: njiwa watatu wa Jumatano, wembamba, wenye adabu. Zabuni imekwenda kwake. Zabuni yangu!

Jumamosi, 8 Machi
Msumari amegundua kuwa ana zabuni lakini hana mashine. Simu ikamwambia kuwa mashine yake iko hatua thelathini kutoka alipo. Akaja akifuata mshale, polepole, mpaka akagonga meza yangu. "Kumbe umeificha wewe, shemeji!"

Nilitoa risiti. Tukaipigia kampuni. Dada wa huduma akasema, kwa upole sana, kuwa risiti inathibitisha nimeinunua mashine. Haithibitishi kuwa mashine inanijua. Mwenyewe ni Fundi Msumari, umri miaka sabini na minane. Msumari akataka kujua ni nani aliyemzeesha. Nikakohoa.

Ni mwenyewe tu awezaye kuiachilia, kwa kubonyeza kitufe. Msumari akasema atabonyeza, kwani haraka ya nini, nikishamaliza sweta zake mia mbili. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ni kaka yake, lakini hata hivyo!

Jumatatu, 17 Machi
Sweta ya mia mbili imetoka jana. Msumari amebonyeza, akanipiga mgongoni, akasema nina mkono mzuri, akipata kazi nyingine ataniita. Ataniita!

Asubuhi kioo kimeuliza upya: jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa. Mke wangu akasema safari hii niandike langu. Nikajibu bila shaka, nikamsubiri atoke.

Nimetafakari kwa utulivu. Mpango ulikuwa sahihi. Nilikosea mtu tu. Anahitajika mtu mzima, anayekaa mbali, asiyejua ushonaji, asiyefuatilia mambo ya wenzake. Nimemwandika mama mkwe. Tarakimu amenisomea mwenyewe kwa simu, wala hakuuliza ni za nini. Mambo safi!

Sasa ni saa nne. Mama mkwe amepiga. Anauliza kwa nini mashine yake haijaanza kazi mpaka saa hizi.