Matangazo ya Kumwita Salhiya

Jumamosi, 17 Mei

Daftari, asalaam aleikum. Mimi niliishia darasa la tano, na kitu nilichofunzwa kuandika ni barua, basi na wewe nnakuandikia kama barua. Mimi sijambo, magoti tu. Mume wangu Mzee Machano hajambo, kikohozi kimepungua. Wifi yangu Amne hajambo, anakusalimu ingawa hajui kama upo. Paka hajambo. Mwanangu Salhiya huko Maskati nadhani hajambo. Ujumbe wake wa mwisho ni wa Jumatano. Asiye mzima ni kompyuta yake aliyotuachia.

Miaka mitatu iko juu ya meza na kitambaa chake cha kufuma. Alipoondoka aliitia mlinzi, wa kuzuia matangazo na hao wanaotufuatafuata humo ndani kujua tunatazama nini. Leo nimefungua nitazame mapishi ya boko boko, pakatokea maandishi kwamba mlinzi kazimwa, hakubaliki tena. Kisha wakaingia. Magodoro. Dawa za magoti. Nani kawaambia habari za magoti yangu?

Nimeifunika haraka. Kitu alichokitia mwanangu kwa mkono wake, kakitoa mtu nisiyemjua. Nimelia kidogo jikoni, nikavisingizia vitunguu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeibeba kompyuta kikapuni, chini ya mchicha, mpaka Darajani kwa Hina, fundi wa simu na kompyuta. Nikamuuliza Salhiya kakosa nini hata mlinzi wake afukuzwe. Hina kacheka. Kasema Salhiya hakukosa kitu, Bi Mwanaasha, wenye mlango wa kuingilia intaneti ndio waliobadilisha kanuni. Zamani mlinzi alikuwa akimtazama usoni kila anayeingia. Sasa anatakiwa apeleke mapema orodha ya majina ya wa kuzuiwa, na mlango wenyewe ndio unaozuia. Asiyekuwemo kwenye orodha anapita. Lakini wapo walinzi wapya wanaofuata kanuni, atanitilia mmoja.

Akaongeza neno. Eti kompyuta bado imefunguliwa kwa jina la Salhiya, kwa hiyo nikitafuta kitu huku, matangazo yake huenda yakamtokea Salhiya kule, kwenye simu yake.

Nikamwambia asitie mlinzi yeyote. Nikarudi nyumbani Mkunazini mbio, magoti na yote.

Sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, imebakisha chini ya wiki tatu. Nnataka mwanangu aje. Lakini mimi sikulelewa kumwambia mtu njoo. Mama yangu alipomkumbuka dada yake, alijifunga kanga yenye maneno yake, akapita mbele ya mlango wa dada mara mbili, basi. Na tangazo ni kanga tu, isipokuwa linavuka bahari.

Alhamisi, 22 Mei

Siku tatu nnatafuta kwa kidole kimoja. Tiketi ya ndege Maskati Zanzibar. Dawa ya magoti. Zawadi za kumpelekea mama. Mzee Machano kaniuliza kama nnasafiri. Nimemwambia nnajifunza.

Leo imekuja sauti ya Salhiya kwenye simu. Anauliza mama una nini, kila nikifungua simu yananitokea matangazo ya tiketi za kuja Unguja na dawa za magoti, unaumwa?

Limefika.

Nikamjibu siumwi kitu, mwanangu, fanya kazi yako. Kisha nikacheza peke yangu ukumbini. Magoti hayakusema neno.

Jumapili, 25 Mei

Kaja jirani Bashira. Mwanawe Ayoub huja kila sikukuu, na kila sikukuu Bashira huniletea sahani ya halua ili nijue kuwa kaja. Kasema kompyuta yetu imelala chini ya kitambaa kama maiti, nimwazime atazamie mambo ya harusi ya mpwa wake. Nikataka aone kwamba iko hai. Nikamfungulia, nikaenda kupika chai na maandazi.

Kakaa saa mbili. Magauni ya bibi harusi, kumbi, wapambaji, vitanda vya futi sita kwa sita.

Sikuona ubaya. Maandazi yaliumuka vizuri.

Jumatano, 28 Mei

Salhiya kapiga simu kwa baba yake, si kwangu. Kumbe alishaomba likizo, siku tisa, aje bila kutuambia. Lakini tangu Jumapili simu yake ni harusi tupu. Kasema sasa kaelewa mama anamwitia nini na tiketi zake: kuna mume anamngojea. Haji kuozwa. Likizo kairudisha. Na simu kaitia mlinzi mpya, haoni tangazo hata moja.

Nimemweleza Mzee Machano yote, orodha, kanga, Bashira. Kanipa simu. Kasema yeye kashamwambia hakuna mume, hakuaminiwa. Kasema, Mama Salhiya, mwambie mwenyewe, njoo, nimekukumbuka. Maneno mawili tu, hata kwenye kanga hayajai.

Nimempigia. Nimemuuliza joto la huko. Nimemuuliza kama anakula. Nimemuuliza kama mwenzake wa kazini, Biasha, kapona mafua. Kasema kapona. Akangoja. Nikasikia kabisa kwamba anangoja. Nikamwambia salio linaisha.

Halikuwa linaisha.

Jumapili, 8 Juni

Sikukuu ilikuwa jana. Sahani ya Bashira imekuja, halua nyingi kuliko mwaka jana. Boko boko yangu imebaki nusu sufuria. Nilipika ya watu wanne.

Nimewaza sana maneno ya Hina. Asiyekuwemo kwenye orodha anapita. Mimi sijapata kuandikwa kwenye orodha ya mtu maisha yangu yote.

Nimetoa kitambaa. Pale pa kutafutia nimeandika kama nilivyofunzwa: Salhiya mwanangu, asalaam aleikum. Mimi sijambo, baba yako hajambo, shangazi yako Amne hajambo, paka hajambo. Hakuna mume. Chumba chako nshakifagia.

Nikabonyeza. Imeniletea mafagio ya umeme, tena ya kila rangi.

Si haba. Huenda na yeye yanamtokea sasa hivi. Salhiya, ukiyaona mafagio, ni mimi. Nijibu upesi.