Wafalme Wangu Dhidi ya Muthama

Jumatatu, 2 Septemba 1985

Muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, umeungua tena. Ndila, mke wangu, alikuwa amesimama mbele ya sufuria akicheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema si kitu. Mke akicheka si kitu, mume ajiandae.

Sasa nimejua. Mwethya yao, wale akina mama wanaochimbiana mitaro ya mashamba, leo kwa huyu kesho kwa yule, wamejipatia msomaji. Msomaji! Na ni nani? Muthama! Yule aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi wake mwenyewe, mguu ukakataa kunyooka. Kwa kuwa hawezi kuchimba, anakaa juu ya debe na kuwasomea kitabu cha upelelezi, na anahesabiwa kuwa amefika kazini. Mimi mgongo uliponiuma mwaka jana, siku waliyochimba shambani kwetu, walinitoza faini ya kuku. Jogoo mzima.

Baada ya chakula nikafungua kitabu changu kinene cha wafalme wa Ulaya, nilichozawadiwa nilipostaafu ukarani wa chama cha kahawa. Nimemsomea Ndila kitabu hiki tangu nistaafu, kila jioni, bila malipo. Mfalme hajavikwa taji, mke amelala. Kabla hajalala aliuliza swali moja tu.

"Baba Muthoki, mtu akilishwa sumu hutokwa na povu?"

Wafalme wangu hawana povu. Muthokoi sikumaliza.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda kujionea. Nilijificha kwenye migomba ya mtaro wa juu. Si kujificha, nilikuwa nikikagua migomba.

Aibu tupu. Muthama kajifunga blanketi kwa ajili ya baridi ya Kilungu, anasoma kwa Kiswahili, anaeleza kwa Kikamba. Tajiri mwenye hoteli amekufa baada ya kunywa supu. Mpishi anashukiwa. Mjane analia. Daktari wa familia analia zaidi. Muthama anawaigiza wote, mjane kwa sauti nyembamba, kama mbuzi. Halafu akafunga kitabu na kidole ndani, akawauliza wanaonaje. Majembe yote yakasimama.

Hapo Ndila akaegemea jembe lake na kumtetea mpishi. Mke wangu! Ambaye nyumbani huzungumza habari za kuni tu, na za jirani anayetema mate ovyo! Alieleza kwamba mpishi hawezi kuua kwa supu, maana anajua ndiye wa kwanza atakayeulizwa. Muthama akamwambia hilo hakuwahi kulifikiria. Ndila akatabasamu mpaka nikaona lile jino la nyuma. Mimi mara ya mwisho kuliona jino hilo tulikuwa wachumba.

Kitu kimenikaba hapa kifuani. Labda ni maziwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda kwa Pasta Ndeti kumshtakia. Nilimweleza kwa uchungu kwamba kondoo wake wanalishwa mauaji mchana kweupe. Pasta akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema jambo hili ni zito. Kisha akauliza kama muuaji ameshapatikana. Nikasema bado. Akasogeza kiti. Akasema yeye binafsi hupenda vitabu vya aina hiyo kwa sababu dhambi hujulikana kabla ya ukurasa wa mwisho, wakati hapa Kilungu dhambi nyingine zimekaa miaka na hakuna anayezifichua. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikaaga.

Mlangoni akaniomba nikisikia ni nani, nimpitishie habari.

Jumamosi, 7 Septemba

Ushindi! Nimemwomba Kalunde, mwenyekiti wa mwethya, nipewe siku moja ya kusoma. Kalunde mwenyewe husoma kijitabu kimoja tu, kile cha kilimo cha parachichi, kwa sababu, anasema, hakimwulizi maswali bali humjibu. Nikadhani huyu atathamini elimu. Akakubali bila ubishi.

Nikasimama juu ya mtaro, koti nimevaa. Nikasoma vita vya kurithi ufalme, majina yote, bila kuruka hata binamu. Hakuna aliyenikatiza. Hakuna aliyeniuliza lolote. Majembe yalilia kama mvua ya mawe. Chai haijachemka, mtaro umekwisha, na wameshachukua lesso zao waende.

Kalunde akanishukuru kwa mikono miwili. Akasema hajawahi kuona kazi ikienda mbio hivi, na wakifika kwenye lile shamba la Kasyoka lenye mawe lazima nirudi na wafalme wangu.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilipofika mtoni ndipo nikaanza kufikiria alichosema. Mluzi ukaisha.

Jumapili, 8 Septemba

Nimepata mpango. Kitabu cha upelelezi ni kama yai, ukitoboa tundu moja hakina kitu tena. Mwenye kujua muuaji anabaki kusikiliza nini?

Baada ya ibada nikamwambia Muthama jalada la kitabu chake limechanika, anipe nilibandike. Akanipa papo hapo, akaniombea baraka. Mtu huyu hana hata adabu ya kunichukia.

Nikaingia ghalani, nikakaa juu ya gunia la mbaazi. Nia yangu ilikuwa ukurasa wa mwisho tu. Lakini ukurasa wa mwisho una mtu anayeitwa Kanali, sikumjua. Nikarudi nyuma kumtafuta Kanali. Kumwelewa Kanali lazima ujue habari ya saa ya dhahabu. Nikarudi nyuma tena. Ndila aliniita chakula nikajibu nahesabu mbaazi. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimemaliza kitabu kizima, na kuku ametaga kando ya mguu wangu.

Kitabu cha kijinga kabisa. Yule daktari lakini! Kumbe wakati wote!

Jalada nimelibandika vizuri. Kazi ni kazi.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepiga.

Nilipita pale mwethya kama mtu anayekwenda zake. Nikangoja mpaka Muthama akafunga kitabu na kuwauliza wanaonaje. Nikakohoa.

"Msijisumbue, akina mama. Ni daktari. Yeye ndiye aliyetia sumu."

Majembe chini. Nikamwangalia Muthama nione uso wake ukianguka. Nikamwangalia Ndila. Nikangoja matusi, nilikuwa tayari kwa matusi.

Kalunde ndiye aliyesema kwanza. "Daktari? Huyu aliyelia kuliko mjane?"

"Aliyeshika mkono wa maiti," mwingine akasema.

Ndila akapanda mtaro mpaka kwenye debe la Muthama, matope mpaka magotini, macho yanang'aa.

"Mzee Muthama, rudi mwanzo. Nataka kumwona akilia sasa, nikijua."

Wote wakaitikia. Mwanzo! Mwanzo! Kuna aliyetaka kuona alishikaje kijiko. Na Muthama, huyu mtu, akanishika mkono na kunishukuru mbele yao. Kumbe kurasa zilikuwa zimebaki chache, hana kitabu kingine, na alikuwa hajui atawaambia nini kikiisha. Sasa, akasema, nimempa kitabu kipya bila yeye kununua.

Nimempa mimi! Kwa mdomo wangu!

Alhamisi, 12 Septemba

Muthokoi umeungua. Nimemwuliza Ndila waziwazi ana faida gani kusikiliza hadithi anayojua mwisho wake. Akasema hadithi ya fisi na sungura aliujua mwisho wake akiwa mgongoni kwa mamake, na hata leo akiisikia anakaa chini.

Nikamwuliza basi wafalme wangu wana kosa gani. Akafikiria kwa muda mrefu, kwa heshima. Akasema hawana kosa, ila hajui hata mmoja alikula nini asubuhi. Kisha akasema hili, nami naliandika kama lilivyo:

"Muthama hutuuliza tunaonaje. Wewe hunisomea kama unasomea kamati kumbukumbu za mkutano, Baba Muthoki. Nami ningependa kukaa macho hapa nyumbani jioni nikikusikiliza. Kweli ningependa."

Amenipa siri yote bila kujua! Anapenda upelelezi, na hajali kuujua mwisho. Hayo tu. Rahisi.

Jumamosi, 14 Septemba

Soko la Nunguni. Kuna Hemedi, mtu wa Kitui, anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia karibu na wauza koroboi. Aliniuliza nataka kitabu cha kuleta usingizi au cha kuufukuza. Akasema vijana huja kwake kutafuta mapenzi wasiyoweza kuyauliza nyumbani, wazee hutafuta mambo waliyoyaona wenyewe, ili wahakikishe kwamba yalitokea kweli, na wajane hununua vitabu vya safari. Kila mtu na kiu yake. Nikamwambia kiu yangu ni maiti, na iwe mbaya kuliko ya Muthama.

Nimepata chenye maiti mbili. Nimekisoma chote njiani na ghalani. Safari hii nimejiandaa, hakuna kitu ndani yake nisichokijua.

Jumapili, 15 Septemba

Jioni nikasoma. Ndila aliacha vyombo bila kuosha, akavuta kigoda mpaka goti lake likagusa langu. Tulifika pale maiti ya kwanza inapopatikana kwenye buti ya gari. Nikafunga kitabu na kidole ndani. Nikauliza, sauti laini kabisa: unaonaje?

Ndila akashika kidevu. Akafikiria. Uso wake ulikuwa wa msichana. Akasema anaona ni ndugu wa marehemu, kwa sababu hakuuliza funguo ziko wapi.

Nikamwambia hapana, amekosea. Ni dereva. Nikamfungulia kurasa za mwisho nimwonyeshe, nikamweleza na maiti ya pili pia, ili asihangaike. Si alisema hajali kuujua mwisho?

Akaniangalia. Akainuka akaosha vyombo, vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimegundua tatizo. Ni koroboi. Inatoa moshi, mtu hawezi kufurahia kitabu machozi yakimtoka. Nitanunua taa ya chimni.

Kitabu chenye maiti mbili hakipo, Ndila amempelekea Muthama. Afadhali, kimeniondokea.

Na habari njema! Kalunde ametuma salamu. Alhamisi wanaingia kwenye shamba la Kasyoka, lile la mawe, na wameniomba mimi. Mimi, si Muthama! Nimechagua sura ya kodi za wafalme, ndefu kuliko zote. Ndila nimempa habari hiyo, akasema atachimba kule mwisho kabisa, mbali kidogo, kwa sababu ya upepo.

Mwanamke wa adabu. Hataki wenzake waone anavyonisikiliza.