Kidole na Nyama ya Kopo

Jumatatu, 6 Mei
Nimechoka. Kidonda cha kidole cha mguu hakiponi. Nesi Iosina kasema sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Kliniki imeungana na mama mkwe wangu na wazee wenzake: wao wanachagua vyakula vya zamani, daktari mgeni anapima damu. Basi kila siku ndizi karat za njano, shelisheli na samaki. Wali marufuku. Atakayeshusha sukari kuliko wagonjwa wenzake wote, chifu atampa cheo kwenye karamu. Shemeji yangu Rensper anafakamia ndizi kama popo. Anakitaka cheo. Nami nakitaka, ila bila ndizi.

Jumatano, 8 Mei
Nimepata akili! Hapa kisiwani Pohnpei shamba la viazi vikuu ni siri ya mwenyewe. Kuchungulia la mwenzio, au hata kutajiwa ukubwa wa kiazi chake, ni aibu kubwa, hata mke hathubutu. Nimeficha humo sufuria, mchele na nyama ya kopo. Mbele za watu nakula ndizi na kumsifu mama mkwe. Kafurahi, maskini.

Ijumaa, 10 Mei
Sukari imepanda. Nesi haelewi. Nikamwambia labda mashine nayo imechoka. Ya Rensper imeshuka. Akaniuliza, "Vipi shemeji, hizo ndizi unakula au unawapa nguruwe?"

Jumapili, 12 Mei
Balaa. Nimetumbukia kwenye shimo la kiazi, kwa mguu ule ule mbovu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Rensper alipita. Nilimsikia akiwaambia wenzake wasonge mbele, mtu yuko na viazi vyake. Akaja mke wangu, akasimama mbali, kanipa kisogo. Nikalia kwamba shimo ni refu. Akaziba masikio: "Baba, usinitajie ukubwa!" Akaenda zake.

Aliyeniokoa ni daktari mgeni, asiyejua adabu zetu. Alinikuta nimekumbatia kopo.

Jumamosi, 18 Mei
Kidole kimekatwa. Rensper kapewa cheo. Mama mkwe kaja hospitali na karat zake, kaketi kitandani, kalia. Kasema marehemu mumewe naye alianza na kidole, wakamzika hana miguu. "Kula, mwanangu. Nimechoka kuzika." Nilimhurumia kweli. Nikala moja mbele yake, nikameza na machozi.

Alipoondoka nilimwomba mgonjwa wa kitanda cha pili anigawie wali wake. Alisita, akautazama mguu wangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vimebaki tisa.