Seva Iliyonivua Uungwana kwa Wakwe

Leo nimeadhirika. Tena nikiwa na kanzu mpya, iliyopigwa pasi na mamangu kwa mikono yake.

Mnaonijua mnaijua kazi yangu. Kwa msiojua: watu wakitaka kuweka duka lao, shule yao au redio yao mtandaoni, mimi ndiye huwaambia wakodi seva kwa nani. Seva ni kompyuta tu, imekaa mahali fulani inawaka mchana na usiku, watu wanachota humo picha na habari. Na mimi kazi yangu ni kuchunguza kampuni ipi ya kutegemewa na ipi ni maneno matupu. (Endeleeni kusoma. Mtaona nilivyo mjuzi.)

Basi leo ilikuwa siku ya kwenda kumposa Rukia. Rukia ni mwalimu, kwao Malindi. Mimi kwetu Gede. Babake, Mzee Shee, hana ubaya nami ila kwa jambo moja: hajapata kuelewa nafanya kazi gani. Nilipomweleza mara ya kwanza aliniuliza, "Kwa hivyo wewe wauza nini?" Nikamwambia siuzi, nashauri. Akanywa kahawa yake, akaagiza nyingine. Swali lile naishi nalo tangu Ramadhani.

Tena katika ukoo ule neno la mwisho ni la kaka yake mkubwa, Ami Salimu, na Ami Salimu yuko Maskati. Alishasema posa haijibiwi mpaka aione kwa macho yake. Na si yeye peke yake anayetaka kuona. Kuna jamaa Doha, kuna jamaa Jedda, na Lamu ndiyo usiseme.

Rukia akaniambia, "Athmani, tutawapigia simu ya video. Yatosha."

Simu ya video! Mimi! Nikamwambia posa yetu itatangazwa moja kwa moja, picha safi kama ya mpira wa Ulaya, kutoka kwenye seva niliyoikodi mwenyewe, nzima, bila kushiriki na mtu. Babako ataiona kazi yangu waziwazi.

"Na ikikatika?"

"Rukia. Wamuuliza nani swali hilo?"

Sasa sikilizeni nilivyoichagua.

Kampuni yenyewe iko Mombasa, jina silitaji. (Mafundi wao hawapatikani, lakini mawakili huenda wakapatikana.) Kwenye tangazo wameandika kwa herufi kubwa: DATA BILA KIKOMO. Pembeni yake pana kinyota, kidogo kama yai la chawa. Wateja wangu nawafundisha kila siku: mkiona kinyota, kifuateni hadi chini ya ukurasa msome kinasema nini. Mimi sikukifuata. Mimi ni mtaalamu. Vinyota ni vya wateja.

Badala yake nikapima. Kwanza, je, watu hawa wapo? Nikawaandikia: "Mpo?" Papo hapo likaja jibu: "Tupo, mpendwa mteja!" Nikajaribu tena alfajiri. "Tupo, mpendwa mteja!" Nikajaribu Ijumaa, imamu yuko juu ya mimbari. "Tupo, mpendwa mteja!" Nikasema hawa ndio watu wa kazi. (Kwamba hawaendi hata msikitini, hilo ni lao na Mola wao.)

Pili, je, ni kweli hakuna kikomo? Nikaweka video kubwa kwenye seva, nikazifungulia kompyuta zote za ofisini ziivute bila kupumzika, wiki nzima. Haikukwama. Haikupungua kasi. Jana nikaandika kwenye ukurasa wangu, na wengi wenu mkapenda: "Seva hii nimeipima hadi nimechoka mimi. Yenyewe haijachoka."

Asubuhi tukafika Malindi. Msemaji wetu alikuwa Ami Bakari, ndugu ya marehemu baba, mkulima mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Tukaamkia wakubwa, tukakaribishwa kwenye mikeka. Kamera niliiweka juu ya kabati la vyombo. Runinga ya sebuleni nikaiunganisha ili wenyeji waone kile wanachokiona watu wa Maskati. (Hakuna aliyeniomba. Lilikuwa wazo langu.) Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, isipokuwa Shangazi Zuhura, dada yake Mzee Shee, aliyejiwekea kiti mlangoni ili asipitwe na kitu huku wala huko.

Picha ikatokea. Jamani, picha! Hadi mshono wa mto ulionekana. Matangazo ya namna hii huchelewa kidogo, kwa hivyo Shangazi Zuhura alitia halwa mdomoni, akatafuna, akameza, kisha akajiona kwenye runinga ndiyo kwanza anaitia.

"We! Mbona nala mara mbili?"

Watu wakacheka. Salamu za watazamaji zikaanza kumiminika chini ya picha. Doha: "Mashallah." Jedda: "Picha safi." Lamu: "Zuhura, punguza halwa." Mzee Shee akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanitazama kama mtu anayetazama kitu cha thamani.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii?"

"Ndiyo hii, baba."

(Ningeaga hapo hapo nikarudi Gede, leo ningekuwa mtu.)

Ami Bakari akakohoa, nyumba ikatulia. Akaanza. "Tumekuja kwenu kwa heshima. Kijana wetu huyu, Athmani, tumemlea wenyewe. Hana makuu. Ni muungwana. Ni mtu anayeijua mipaka yake..."

Kwenye runinga picha ikaganda, Ami Bakari mdomo wazi. Kisha kioo kikawa cheupe. Kisha yakatokea maandishi mekundu, kwa Kiswahili sanifu. (Na nilikuwa nimewasifu kwa hilo, kwamba wanatuhudumia kwa lugha yetu.) Jina nililojiandikishia kwao ni Athmani wa Gede. Niliona linapendeza.

HUDUMA IMESITISHWA. ATHMANI WA GEDE AMEVUKA MIPAKA YA UUNGWANA.

Shangazi Zuhura akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, neno baada ya neno, kwa faida ya chumba cha ndani. Alipofika "uungwana" akalivuta.

Ninyi wa pwani hamhitaji maelezo. Hapa mtu waweza kumwambia hana akili, kesho akakusamehe. Lakini kumwambia si muungwana, mbele ya wakwe, siku ya posa, na Doha wanasoma!

Binamu yangu Hamisi akaninong'oneza, "Sema ni umeme."

Nikasema, "Samahanini, ni umeme tu. Umekatika."

Watu wote wakainua macho. Feni ilikuwa ikizunguka. Tena mbio.

"Umevuka mipaka gani?" akauliza Mzee Shee.

"Baba, si mimi. Yaani, ni mimi. Lakini ni mambo ya seva."

"Seva," akasema Shangazi Zuhura. "Seva ndiye nani?"

"Shangazi, seva... nimeikodi. Iko Mombasa."

"Mombasa!"

"Ni yangu peke yangu. Sishiriki na mtu."

Chumba cha ndani kikaguna kwa pamoja.

"Na unamlipa?"

"Kila mwezi."

"Astaghfirullahi." Akavua miwani. "Na jina gani hilo, Seva? Ni Mtaliana?"

Mji ni Malindi, Wataliana wamejaa, swali lenyewe halikumshangaza mtu. Kilichoniuma ni Ami Bakari. Ami Bakari aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alisogea kidogo kwenye mkeka, kuniepuka.

Nikatoa simu, nikawaandikia kampuni.

"Mmenifungia seva! Niko kwa wakwe!"

"Tupo, mpendwa mteja!"

"Ifungueni sasa hivi!"

"Tupo, mpendwa mteja!"

"Ninyi ni watu au ni mashine?"

"Tupo, mpendwa mteja!"

Ndipo nilipokifuata kile kinyota. Kikanipeleka chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi ya kusomwa na sisimizi. Kumbe data ni bila kikomo kwa mteja anayefuata "matumizi ya kiungwana", na matumizi ya kiungwana yana kiwango chake cha mwezi. Ukikivuka, seva inajifunga yenyewe na kukutangaza. Kwa hivyo kikomo kipo. Wamekivisha kanzu na kofia tu, wakakiita uungwana.

Nikatazama nani kamaliza data. Nilidhani ni Lamu. Lamu hata hawakuonekana kwenye hesabu! Ni yale majaribio yangu ya wiki nzima. Nilitaka kujua kama maji ya tangi yatatosha siku ya shughuli, nikayamwaga yote nione.

Nilipoinua macho Mzee Shee alikuwa ameshasimama. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha, "Bwana Bakari, nadhani kahawa mmekunywa."

Anayejua lugha ya wakwe anajua maana yake. Ni mlango ule pale. Ami Bakari akaanza kutafuta viatu kwa macho. Nilimwona Rukia akiondoka maishani mwangu, hivi hivi, kwa sababu ya wiki moja ya kupima seva.

Pazia likafunguka.

Rukia akatoka. Mnajua mwenyewe anayeposwa hatoki, hukaa ndani kama hayupo. Alitoka, leso aliyojitanda imefika kwenye nyusi, macho chini, na mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Halafu nikasikia. Alikuwa akicheka.

"Baba, uniwie radhi. Seva ni kompyuta."

"Kompyuta?"

"Ya kukodi. Wiki nzima alikuwa akiipima kama itahimili leo. Bila shaka ameimaliza kwa kuipima." Akajaribu kujizuia, akashindwa. "Nilimwambia tupige simu!"

Shangazi Zuhura akamkazia macho. "Nawe wayajuaje yote hayo?"

"Hunieleza kila siku, shangazi. Sijapata kumuuliza hata mara moja."

Mzee Shee akaketi tena, taratibu. Akanitazama sana.

"Na watu hukulipa, kwa kazi hii?"

"Ndiyo, baba."

"Allahu akbar," akasema.

Simu yake ikalia. Alikuwa Ami Salimu. Mzee Shee akafungua sauti, sote tukasikia.

"Shee! Huku tumeandikiwa kijana si muungwana! Doha wamenipigia, wanasema ana mke wa Kitaliana Mombasa!" (Habari zilishafika Doha. Tazama kasi hiyo, na hawajakodi seva yoyote.) "Kuna nini huko?"

"Ni kompyuta, kaka. Aliipima mpaka ikaisha. Rukia ametoka kutueleza."

"Ametoka mwenyewe? Mbele ya wageni?"

"Mwenyewe."

"Kumtetea?"

"Kumcheka, kaka. Halafu akamtetea."

Nilisikia kiyoyozi cha Maskati kikinguruma. Sijapata kuomba dua kwa bidii namna ile, na nilikuwa nimeisahau yote, nikabaki nayo "amina" peke yake.

"Sasa mwaniuliza nini mimi?" akasema Ami Salimu. "Binti ameshajibu."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Shangazi Zuhura. Yeye yule! Ami Bakari akarudi mahali pake kwenye mkeka, akaniwekea mkono begani kana kwamba haukuwahi kuondoka, akaendelea na hotuba. Neno la mipaka aliliruka. Yale maandishi mekundu yaliendelea kuwaka juu ya vichwa vyetu, maana mimi mtaalamu sikuweza kuyaondoa, mpaka mama mmoja akatupia leso juu ya runinga ndipo tukaomba fatiha.

Mzee Shee ametoa sharti moja tu. Siku ya harusi nisiguse waya wowote. "Wewe utakaa," aliniambia, "utaoa."

Harusi ni Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, inshallah. Mmealikwa nyote, mje kwa miguu yenu. Atakayeniuliza kama itaonekana mtandaoni, huyo si rafiki yangu tena.