Tochi ya Kitengo cha Mwanga

Wananchi wa Tabora na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba tatizo la giza, ambalo limekuwa likijitokeza kila siku baada ya jua kuzama, sasa limepatiwa ufumbuzi.

Ndivyo tangazo lilivyosomwa, na msomaji alikuwa Kornel Luhende, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Mwanga. Ukaimu huo alikuwa nao tangu enzi suti yake ilipokuwa bado inafungika vifungo. Duniani alitaka kitu kimoja tu, kuthibitishwa kwenye cheo, na Mkurugenzi Adriano alikuwa amemwambia waziwazi: "Nitafutie tochi moja, ifae nyumbani na ifae kambini. Ukiipata, hilo neno kaimu tutaliondoa."

Kambi yenyewe ingekuwa Kwihara. Mkurugenzi alikusudia kulala hemani kwa heshima ya wapagazi wa kale waliopita njia ile na mizigo kichwani. Mzigo wake yeye ungekuja na gari.

Kornel akaunda kamati. Majaribio yakafanyika uwanjani mbele ya ofisi, saa sita mchana, jua likiwa utosini.

"Hii haiwaki," alisema Kornel, ameikodolea macho balbu.

"Inawaka, bosi," alisema Masanja, dereva wa kitengo. "Labda tungejaribu usiku."

"Usiku si saa za kazi, Masanja."

Hoja ikafungwa. Tochi moja baada ya nyingine ikashindwa na jua, ikabaki moja tu, kubwa kama ndoo, ambayo mwanga wake ulionekana ukutani mchana kweupe. Kamati ikaipitisha kwa makofi.

Jaribio la matumizi ya nyumbani Kornel alilifanya mwenyewe, kwake Ipuli, umeme ulipokatika. Aliiwasha jikoni. Jogoo wa jirani akawika, na mkewe Paskazia akajikinga uso kwa mfuniko wa sufuria.

"Baba Julieth, zima hilo dude."

"Lakini unaona vizuri?"

"Sioni hata mwiko. Zima, nipate kuona."

Kwenye taarifa yake Kornel alieleza kwamba kaya iliguswa sana na mwanga. Moyoni alijua kabisa kwamba ile tochi ni balaa. Ila alikuwa hajawahi kukikaribia cheo kiasi kile, basi akaitia betri mpya.

Siku ya kambi, mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha mchana. Jioni, giza lilipoanza kuingia, Mkurugenzi alipanda juu ya kreti la soda, shati jeupe limepigwa pasi, wanakijiji wamemzunguka.

"Nimulike mimi, Kornel. Nataka nionekane mpaka Igunga. Na usizime hata kidogo mpaka unisikie nikisema asanteni sana."

"Sawa, mheshimiwa."

Mtoto yeyote wa Kwihara angewaambia nini hutokea ukiwasha taa jioni ya mvua ya kwanza, lakini watoto hawakuwa wajumbe wa kamati. Kumbikumbi walitoka ardhini, kwanza wachache, kisha ukoo mzima. Walitua kwenye shati, wakatua kichwani, na Mkurugenzi alipofumbua kinywa atamke "maendeleo", wakaingia na humo. Akafumba midomo na kuanza kupunga mikono yote miwili. Kamati, iliyozoea hotuba zake, ikampigia makofi.

Wanawake walikwisha kukimbilia majumbani na kurudi na mabeseni ya maji. Bi Gaudensia, muuza maandazi, akalitua la kwake miguuni pa Mkurugenzi.

"Simama hapo hapo, baba. Ukijitikisa hivyo unawamwaga nje."

Mkurugenzi akamtolea Kornel macho na kumwonyesha kwa kidole: zima. Kornel alielewa, na kidole gumba chake kikaifikia swichi.

"Usizime, mwanangu," alisema Gaudensia taratibu. "Beseni halijajaa."

Kornel akakiona cheo chake kikiondoka. Kisha akawaona wale akina mama wanavyocheka, akakumbuka kwamba ofisi yake haijawahi kumpatia mtu kitu cha kutia mdomoni. Akaona raha mpaka akajionea aibu.

"Mheshimiwa hajasema asanteni sana," alijibu, na tochi akaikaza kwa mikono miwili.

Jumatatu alithibitishwa. Ilithibitishwa kwamba ataendelea kuwa kaimu. Paskazia aliipokea habari hiyo akiwa anakaanga fungu lao la kumbikumbi kwa mwanga wa kibatari, na walicheka pamoja mpaka machozi yakawatoka.

Jumanne Bi Gaudensia akaingia ofisini na ujumbe wa kijiji.

"Shikamoo, mama," alisema Mkurugenzi, anajikuna shingo. "Mmekuja kwa ajili ya kisima au barabara?"

"Marahaba, baba. Vyote hivyo tumeshazoea kuvikosa. Tumekuja kukuomba wewe. Wingu limefunga tena, na kumbikumbi wamelipenda shati lako. Njoo jioni usimame pale pale." Akafikiri kidogo. "Ila hotuba iache hapa hapa ofisini."