Kapitan Dimaculangan Azindua Kituo cha Kadi

Bibi Jaji wa Shindano la Kadi za Kazi ya Mkono la Mkoa, Bi. Perlita Umali, uliyetoka makao makuu kwa jipni tatu za abiria na miguu yako miwili, Waheshimiwa Madiwani saba wa Mtaa wa Santa Filomena ya Chini, mliofika wanne, na katika wanne hao mlio macho watatu, Baba Paroko, ambaye hakuja lakini ametuazima viti, Kamanda wa Walinzi wa Mtaa, Mang Tiburcio, pamoja na kikosi chako kizima, yaani wewe mwenyewe, Mwenyekiti wa Akina Mama wa Karatasi, Aling Charing Lontoc, na wenzako kumi na mmoja, mke wangu mpenzi Luzviminda, mwenyekiti wa kila kamati iliyobaki, wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini nawaona mmekwisha kaa jirani na sinia la tambi za pansit, ndugu wananchi. Itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu kuwa ametajwa.

(Makofi. Mtu anauliza kama pansit ina kamba wa baharini.)

Nimeombwa niseme kwa dakika tano. Ombi hilo nimelipokea, nimeliundia kamati ndogo, na kamati ndogo imependekeza dakika arobaini.

(Miguno. Sauti ya mwanamke: “Kap, saa tano na robo sasa!”)

Nimekusikia, Aling Charing, na saa ninayo, tena ya ukutani, nimeiagiza iletwe. Kwa faida ya waliochelewa, nieleze kwa nini mama huyu ana haraka. Akina Mama wa Karatasi wameingiza kadi yao kwenye shindano. Mitaa iliyobaki shindanoni ni mitatu, nasi tumo. Kanuni ya sita inasema kadi ifunguliwe na kiongozi wa mtaa, mbele ya jaji, kabla ya saa sita kamili mchana wa leo, tarehe mosi Septemba, siku ambayo nyimbo za Krismasi zimeanza kulia sokoni kama ilivyo desturi ya kwetu. Ikipita saa sita, kadi imekufa. Mshindi anapewa chumba kule makao makuu kwa mwaka mzima: meza sita, mashine ya kukatia karatasi, na paa lisilovuja. Hiyo kadi ndiyo hii hapa mezani kwangu, katika bahasha, imefungwa utepe mwekundu. Mkasi huu hapa. Na mimi huyu hapa.

(Sauti ya Aling Charing: “Sasa kata, Kap! Hotuba utamalizia baadaye!”)

Aling Charing, mama yangu, utepe usiotanguliwa na hotuba ni kamba tu.

(Kicheko. Aling Charing anakaa, kisha anasimama tena.)

Ndugu wananchi, mimi sikuzaliwa na kiti hiki. Nilianza maisha kwa kuuza barafu ya mifukoni, mifuko mia na ishirini kwa siku, na kumi na minne ilikuwa inayeyuka kabla sijafika shuleni, ndiyo maana mpaka leo kwa hesabu za hasara hakuna wa kunidanganya. Sikusomeshwa na mtu. Sikushikwa mkono na mtu. Na bado, kila nikipita hapa mtaani, nasikia watu wakinong’ona, “Kap, kile Kituo cha Kadi ulichotuahidi kiko wapi? Kap, kituo kiko wapi?” Inauma. Mtu anakesha anawaza maendeleo yenu, ninyi mnauliza yako wapi!

(Sauti kutoka nyuma: “Lakini yako wapi?” Kicheko kirefu.)

Nitajibu kwa takwimu. Katika kipindi cha miaka mitatu ya mchakato shirikishi, uongozi wangu, kwa kushirikiana na stekiholda wote, yaani mimi na Luzviminda, umetundika mtaani maturubai arobaini na moja yenye picha yangu nikiwa nimenyoosha kidole kuelekea mbele. Kumi na manne yaliandikwa “Kituo cha Kadi Kinakuja.” Kumi na manne yaliandikwa “Kituo cha Kadi Kiko Njiani.” Kumi na matatu, likiwemo hili kubwa nyuma yangu, yaliandikwa “Kituo cha Kadi Kimekaribia.” Nawaomba mlione hilo: kila mwaka kinasogea! Kati ya hayo arobaini na moja, manne yameibiwa, na Kamanda Tiburcio bado anachunguza.

(Sauti ya kike: “Hayakuibiwa, Kap, yameajiriwa!” Akina mama wanacheka wakifunika midomo.)

Sijaielewa hiyo lakini naiunga mkono. Aidha, tumefanya utafiti wa nyumba kwa nyumba. Asilimia sitini na nane ya waliohojiwa wanakifahamu kituo. Asilimia thelathini na mbili walisema walikuwa ndani yake siku ileile ya mahojiano. Jumla ni asilimia mia moja. Nani mwingine mkoani ana mia moja?

(Makofi ya diwani mmoja. Diwani aliyelala anaamka na kuunga mkono hoja.)

Na sasa niwape historia, maana taifa bila faili ni kelele tu. Miaka mitatu iliyopita Aling Charing alileta ofisini kwangu barua. Ninayo hapa. Ina doa la kahawa kali ya barako. Karani wangu alitaka kuikataa kwa sababu ya doa, kumbe akina mama hawa ndivyo walivyo: karatasi mpya wanaichovya kwenye kahawa, wanaianika, wanaikunja pembe, mpaka ionekane imepitia vita. Wanaita kuizeesha. Nilishangaa sana. Ofisini kwetu karatasi zinazeeka zenyewe.

(Kicheko. Bi. Perlita naye anacheka, anatazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika thelathini na tano.)

Barua inasema, nanukuu: “Tunaomba msaada wa kutengeneza kijumba kimoja cha kadi kwa ajili ya Krismasi. Upana kumi na tano, kimo kumi. Tabaka nne. Mlango wa mbele unaofunguka. Madirisha ya plastiki. Theluji juu ya paa.” Mwisho wa kunukuu.

Ndugu wananchi, kiongozi mwingine angesoma hapo akaona maneno. Mimi nikaona jengo! Mita kumi na tano kwa kumi! Ghorofa nne! Nikapiga muhuri siku hiyohiyo.

(Aling Charing: “Kap, ilikuwa kadi! Sentimita! Tuliomba karatasi ngumu na gundi!”)

Hilo umelileta leo, Aling Charing, na upembuzi yakinifu ulifungwa zamani.

(Aling Charing: “Nimekuja ofisini kwako mara kumi na tisa kulisema!”)

Mara kumi na nane. Ile ya kumi na tisa nilikuwa nimetoka. Lakini niseme, jambo lililoninyima usingizi halikuwa ghorofa, lilikuwa ile theluji. Maana hapa kwetu, mnajua wenyewe, hata barafu ya mfukoni ina dakika tisa. Nikaunda Kamati ya Theluji. Imekaa vikao ishirini na viwili. Imekwenda ziara ya mafunzo kwenye duka la samaki. Mapendekezo yake ni kwamba theluji iwekwe katika feizi ya pili, baada ya paa, na paa liwekwe baada ya kuta, na kuta ziwekwe baada ya uamuzi wa theluji.

(Kicheko kinachovunja viti viwili vya Baba Paroko. Saa tano na dakika arobaini na saba.)

(Sauti nyingi: “Kata, Kap! Kata! Kata!”)

Mnanishangilia nikate au mnanitisha? Haya! Kwa mamlaka niliyonayo, na kwa niaba ya Mtaa wa Santa Filomena ya Chini, nafungua kadi hii, ambayo mada yake sijaisoma lakini nakubaliana nayo kikamilifu. Mpiga picha, upande wangu wa kushoto. Luzviminda, kaa karibu. Nakata!

(Mkasi. Utepe unaanguka. Kutoka ndani ya bahasha kadi inajikunjua yenyewe, na jengo dogo linasimama wima juu ya meza. Watu wote: “Aaaah!”)

Mama yangu mzazi. Limesimama.

Ngojeni. Ngojeni niwasomee ninachokiona, mlio nyuma hamuoni. Ni jengo. Tabaka nne, moja juu ya nyingine. Mlango… mlango unafunguka. Madirisha ni plastiki ya pakiti za kahawa. Juu ya paa kuna pamba, na pamba imenyunyiziwa chumvi, inameta. Ngazi ni vifungo vya shati. Na kuta hizi… Aling Charing, kuta hizi nazijua. Hii ni suti yangu ya buluu. Dirisha la pili ni jicho langu la kulia! Na huu mlingoti wa bendera ni kidole changu!

(Aling Charing: “Turubai moja kwa kila tabaka, Kap. Manne.”)

Kamanda Tiburcio, funga uchunguzi.

(Bi. Perlita anasimama na rula. Anapima. Anasema: “Kumi na tano kwa kumi. Sahihi.”)

Mmesikia! Sahihi! Kituo cha Kadi, ndugu zangu, vipimo vilevile vilivyoidhinishwa na ofisi yangu, kimekamilika leo! Bi. Jaji, piga muhuri wako tukale.

(Bi. Perlita haupigi. Anasema: “Mheshimiwa Kapitan, mada ya mwaka huu ni ‘Kitu Ambacho Hakijawahi Kuwepo.’ Mtaa wa kwanza walileta kadi ya zahanati. Nikaenda kuangalia, zahanati ipo, nikawaondoa. Santa Filomena ya Juu walileta daraja. Nimelivuka asubuhi hii nikija hapa, nikawaondoa. Mmebaki ninyi. Kwenye maturubai nasoma kwamba kituo hiki kimekaribia, na wewe unasema kimekamilika. Kama kipo, siwezi kuipokea kadi. Nijibu kabla ya saa sita: kipo au hakipo?”)

(Saa tano na dakika hamsini na tatu.)

Swali la Bi. Jaji ni zuri sana, na kama maswali yote mazuri, linajibika vyema zaidi kwa maandishi ndani ya siku tisini.

(“Kap!”)

Ni kwamba, tukiangalia kwa jicho pana, kituo kipo katika ngazi ya sera.

(Bi. Perlita anaanza kurudisha muhuri kwenye mkoba.)

Subiri, mama, usifunge mkoba! Nasema kipo kwa maana ya kutokuwepo kwa muda!

(Sauti kutoka nyuma: “Kap, sema kweli mara moja tu, hatutakuzoesha!” Kicheko.)

(Aling Charing, taratibu: “Kap. Mwaka jana kadi yetu ilikuwa mezani kwangu, zimebaki siku mbili kabla ya shindano. Mvua ikapita kwenye dari. Wiki sita za watu kumi na wawili, tulizikamua kama nguo. Wewe unatafuta jengo. Sisi tunatafuta pakavu.”)

Ni saa ngapi?

(Watu wote: “Hamsini na saba!”)

Andika, karani. Andika kwa wino.

Mimi, Procopio Dimaculangan, muuza barafu wa zamani, Kapitan wa mtaa huu kwa kura mia tatu na sita dhidi ya mia tatu na mbili, natamka rasmi, hadharani, bila kulazimishwa isipokuwa na saa ya ukutani, kwamba Kituo cha Kadi cha Santa Filomena ya Chini hakipo. Hakikuwepo jana. Hakikuwepo mwaka juzi. Hakuna tofali, hakuna msingi, hakuna shimo la msingi. Fundi hajawahi kuitwa. Kamati ya Theluji ilikuwa mimi na shemeji yangu tukinywa bia. Hakijawahi kuwepo, kwa asilimia mia moja!

(Kishindo cha muhuri mezani. Saa tano na dakika hamsini na tisa. Kelele, vigelegele, akina mama wanakumbatiana, Aling Charing anakaa chini na kufunika uso kwa aproni.)

Mmesikia muhuri? Mmeusikia? Na sasa mwenye akili apige hesabu! Wenzetu walikimbilia kujenga. Zahanati, nje! Daraja, nje! Ni uongozi gani, nauliza, uliolinda kutokuwepo kwa kitu kwa miaka mitatu, mchana na usiku, bila kuruhusu hata mfuko mmoja wa saruji kuuharibu ushindi huu? Lazima turudie kwa pamoja. Nikisema “Kituo,” mnajibu “Hakipo!” Kituo!

(“Hakipo!”)

Kituo!

(“Hakipo!”)

Chumba cha makao makuu!

(“Kipoooo!”)

Cha nani?

(“Cha Aling Charing!”)

Nilitarajia jibu jingine, lakini sawa, leo ni siku yao.

Shukrani. Namshukuru mkandarasi ambaye hakupatikana kwa sababu hakutafutwa. Nawashukuru mafundi wote ambao hawakuajiriwa, kwa uvumilivu wao. Naishukuru karatasi, gundi, pamba, vifungo, na sura yangu. Aling Charing, naona umesimama tena. Unataka nini?

(Aling Charing: “Turubai kubwa hilo nyuma yako, Kap. Lenye picha ya kituo. Mzigo wa karatasi tunauhamisha leo, na mvua ile pale inakuja.”)

Hilo? Hilo nina tabasamu humo. Haya, lishusheni. Ila siku mkilikata, hili tabasamu liwe mlango wa mbele.

(Akina mama wawili wanafungua kamba. Turubai linashuka. Nyuma yake kuna migomba sita, kamba ya nguo, na bata wawili wanaotazama umati.)

Na kwa hayo machache, natangaza hafla imefungwa. Mnaombwa kutoka kwa utaratibu, wazee na akina mama wakitangulia, kupitia mlango mkuu wa… kupitia…

Basi, tokeni popote tu.